Sukari Kwenye Pindo la Kikwembe

Mimi nina ugonjwa wa sukari na natembea na sukari. Wajukuu zangu wanaliona jambo hilo la kuchekesha sana. Vipande vya sukari nimevifunga kwenye pindo la kikwembe, kitenge changu cha kujifunga, kwa fundo gumu, hata nikienda kanisani viko kiunoni. Daktari kijana aliyenipima aliniambia habari ya ugonjwa huu polepole, kwa huruma, akidhani ananifungulia jambo jipya. Nikamwacha aseme, maana alikuwa amelelewa vizuri na sikutaka kumkata. Lakini ugonjwa huo niliujua tangu nikiwa mtoto Kadutu, mtaa wa Bukavu, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, na niliufahamu kwa njia ambayo simtakii mtu yeyote.

Uliingia nyumbani kwetu kupitia yaya yangu. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Alikuwa ameposwa na kijana mmoja wa Kalehe, mwalimu wa shule ya misheni, na posa ilikuwa imekwisha kupokelewa. Sasa kwetu Bushi msichana aliyeposwa aliwekwa ndani kabla ya harusi. Halimi, hachoti maji, jua halimwoni. Kazi yake ni kula na kunenepa, ili siku watu wa mume watakapokuja kumtazama waone shavu limejaa na mkono umejaa, waseme huyu ametoka kwenye nyumba ya watu. Na hawezi kukaa peke yake kama mfungwa, kwa hiyo anapewa msichana mdogo wa kumtumikia na kupiga naye soga. Huyo msichana mdogo nilikuwa mimi.

Shangazi yetu, dada ya papa, yaani baba yetu, alipanda kutoka Mumosho kuja kusimamia kazi ya kunenepesha. Alikuwa mwanamke mwenye sauti. Aliingia uani na vibuyu vya mutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajachachuka yakawa pombe ya kasiksi, akaitazama nyumba yetu ya matofali kama mtu anayetafuta pa kuanzia kukemea. Mama alikuwa mtu wa kimya. Alimpisha.

Papa naye akaleta mchango wake. Alikuwa karani kwenye depo ya kahawa ya mzungu mmoja, anavaa soksi za magotini, na kwake yeye ustaarabu wote ulikuwa ndani ya sukari. Nyumba inayokunywa chai ya sukari asubuhi na jioni, hiyo ndiyo nyumba. Kijijini watanenepesha mabinti zao kwa maziwa tu, alisema, lakini binti yake atanenepa kisasa. Basi sukari ikaingia kila mahali. Ikaingia kwenye uji wa mtama, kwenye maziwa, hata kwenye mutobe ambao tayari ulikuwa mtamu wa kukwaruza koo.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Tulicheka sana ndani ya chumba kile. Yaya alinifundisha kusuka ukili, akaniigia shangazi anavyokoroma, akanieleza mambo ya ndoa ambayo nadhani alikuwa anayabuni. Chakula alichoshindwa kumaliza nilikimalizia mimi. Baada ya muda shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akatutazama kwa zamu.

"Mama yangu. Tunakulisha huyu, ananenepa huyu."

Sote tukacheka, yaya naye akacheka. Ila shangazi alikuwa amesema kweli. Mimi nguo zilikuwa zinanibana, na yaya pete aliyovishwa ilikuwa inateleza mpaka kwenye ncha ya kidole.

Kisha ikaja kiu. Alikunywa maji kama anayamwaga kwenye mchanga. Alikuwa ananiamsha alfajiri nimletee maji, na kabla sijarudi kulala ameshachukua chungu cha haja ndogo. Kazi ya kukimwaga chungu hicho ilikuwa yangu, na nilikuwa nakimwaga nyuma ya jiko, chini ya mgomba. Asubuhi moja nikakuta pale chini pametanda weusi. Nilidhani ni masizi. Nilipoinama, weusi ule ulikuwa unatembea. Walikuwa sisimizi, wamekuja kwa mistari kutoka kila upande, wanakunywa pale nilipomwaga.

Nikamwita shangazi. Akaja, akaangalia, akapiga makofi kidogo.

"Unaona? Mutoto ameshiba mpaka utamu inatoka. Sasa nyama itafuata. Tuongeze."

Wakaongeza. Wale wadudu walikuwa wametuambia kila kitu, wazi kabisa, na sisi tukawajibu kwa kijiko kingine cha sukari.

Yaya akazidi kukonda. Mifupa ya mabega ikatokeza, macho yakaingia ndani. Wanawake wa jirani wakaanza kuja kumwona mgonjwa, na kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu, kwa hiyo kila mmoja alileta kitu kitamu: ndizi mbivu, miwa, sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Walipokuwa wanaondoka walinong'ona uani kwamba msichana amelishwa sumu na mwenye wivu. Mama alisikia. Alikuwa anarudi ndani na kumpa yaya uji mwingine kwa mkono wake mwenyewe, kijiko kwa kijiko, asimwachie mtu mwingine.

Siku moja yaya hakuamka vizuri. Alikuwa anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu za mtu aliyepanda mlima, na chumba kizima kilinuka ndizi zilizochacha. Shangazi alimnusa mdomo. Akageuka akanitazama mimi, halafu mama.

"Nani amemupa kasiksi? Bibi-arusi analewa ndani ya nyumba ya kaka yangu?"

Hakuna aliyekuwa amempa. Papa aliitwa kutoka depo, akaja, akamwita yaya kwa sauti ya ukali, na yaya akafungua macho kidogo akayafunga tena. Hapo papa akaogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona papa akiogopa, na hilo lilinitisha kuliko ile pumzi. Wakamlaza kwenye kipoyi, wanaume wanne wa mtaani wakambeba mpaka hospitali, na mama akawa anawafuata nyuma na chupa ya maji ya sukari, kila wakisimama kupumzika anamlowesha midomo, ili apate nguvu ya njiani.

Pale hospitali walichukua mkojo wake kwenye kioo, wakatia dawa ya bluu, wakaupasha moto. Papa alitusimulia baadaye kwamba bluu iligeuka kijani, kijani ikageuka njano, kisha ikasimama kwenye rangi ya tofali. Daktari mzungu alisema maneno machache, papa akayatafsiri kwa mama hapohapo kwenye korido. Sukari ndiyo inayomwua. Asipewe tena, hata chembe.

Walimdunga sindano. Akakaa huko muda mrefu, na akarudi. Nasema akarudi kwa maana tulikuwa tumeshamhesabu miongoni mwa waliokwenda. Alirudi kwa miguu yake, mwembamba lakini macho yamekaa mahali pake, na sharti moja: kila asubuhi apite dispensari ya mtaani achomwe sindano, maisha yake yote.

Infirmier, yaani muuguzi wa dispensari, ndiye aliyetufafanulia ugonjwa. Alikuwa mtu mnene mwenye subira, na aliketi na papa na mama kwenye benchi la wagonjwa.

"Chakula yote," alisema, "ugali, viazi, ndizi, mu tumbo inageuka sukari, inaingia mu damu. Sasa mu mwili kuko dawa yake, njo inaifungulia ile sukari mulango iingie mu nyama. Kwa huyu mutoto ile dawa imekauka. Sukari inazunguka tu mu damu, mulango imefungwa, mwili inakufa njaa. Inaikimbiza mu mukojo, na maji inafuata, njo sababu ya kiu. Halafu mwili inaanza kujikula mafuta. Ile harufu ya kasiksi mulisikia, haikuwa kasiksi. Ilikuwa mafuta yake inaungua."

Mama alikuwa anatazama mikono yake. Akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo ile uji yangu?"

Infirmier akamsogelea. "Hamukujua, maman," akasema.

Nyumbani shangazi hakuwa na huruma ya namna hiyo. Mbele ya majirani, uani, alimwambia mama kwamba amemlisha mtoto kifo kwa kijiko. Shangazi huyohuyo. Aliyekuja na vibuyu, aliyewaona sisimizi akapiga makofi. Nilikuwa mtoto, sikuwa na ruhusa ya kusema, lakini hasira niliyoipata siku ile ninayo hadi leo, na shangazi ameshakufa zamani. Mama alikusanya sukari yote iliyokuwa ndani ya nyumba akaimwaga chooni, akavunja na kile kibuyu cha mutobe kilichobaki. Tangu siku hiyo tulikunywa chai chungu, sote, na papa na ustaarabu wake.

Mama akawa mlinzi. Hakuna nilichowahi kuona kinacholindwa kama midomo ya yaya. Alimnusa mikono. Alipekua chini ya mto wake. Na yaya, masikini, alikuwa msichana tu, na hamu ya utamu ilimtesa. Mara moja mama alimkuta nyuma ya jiko anatafuna muwa. Yaya akaruka, akasema uongo wa kwanza uliomjia: infirmier ameniruhusu. Mama akafunga kikwembe akaenda dispensari kuuliza. Infirmier akasema hajaruhusu kitu. Mama akarudi, akakaa kwenye kizingiti akalia, na yaya akalia naye, akaapa hatarudia. Lakini neno lake, upande wa sukari, lilikuwa limekufa.

Nyama ikaanza kurudi mwilini mwake. Swali likawa ni watu wa Kalehe. Habari zilikuwa zimewafikia, na hawakuwa wanataka bibi-arusi wa kubebwa kwenye kipoyi. Walituma ujumbe wa heshima lakini wenye makali ndani yake. Wangekuja Bukavu kwa sikukuu ya Ekaristi, yule kijana na wanawake wawili wa ukoo wake. Wangemwona msichana kwenye misa, akipokea komunio na kutembea kwenye maandamano kama wengine. Akisimama imara, harusi ipo. Asiposimama, kila mtu achukue kilicho chake. Yaya alimpenda yule mwalimu. Aliniambia chumbani, mkono wangu ndani ya mkono wake, kwamba siku hiyo angesimama hata kama ni kwa meno.

Asubuhi ya sikukuu tulipita kwanza dispensari, mimi na yeye, tumevaa nguo nyeupe. Infirmier alimdunga. Akamwambia, "Sasa uende ukule mara moja," akaendelea na mtoto mwenye jeraha la mguu. Tulipotoka nje nikamkumbusha.

"Yaya, kula."

"Komunio kwanza," akasema. "Unataka wanione nimebaki kwenye benchi?"

Siku zile ulikuwa huwezi kukaribia meza ya Bwana ukiwa umekula chochote tangu usiku wa manane, maji peke yake yalikuwa yamesharuhusiwa. Kweli, mgonjwa angeweza kumwomba padri ruhusa. Lakini nani angeomba ruhusa ya ugonjwa siku ambayo amekuja kuonyesha kwamba si mgonjwa? Basi akaingia kanisani na sindano mwilini na tumbo tupu. Misa ya sikukuu ilikuwa ndefu. Alipokea komunio, akarudi mahali pake ameinamisha kichwa, mzuri kweli, na nikaona wale wanawake wa Kalehe wanagusana viwiko.

Kisha maandamano. Tulishuka barabara na majani ya mitende na maua chini, tukapanda, ziwa linang'aa kule chini mpaka macho yanauma. Nilikuwa nyuma yake. Nikaona mgongo wa gauni lake umelowa wote, wakati wengine walikuwa wamekauka. Nikaona vidole vyake vinacheza juu ya rozari. Lakini alisimama. Alimaliza njia yote.

Nyumbani wageni waliketi sebuleni. Kwa ajili yao papa alikuwa amenunua sukari tena, siku hiyo moja, kwa heshima. Bakuli lilikuwa katikati ya meza, vipande vyeupe vya mraba vimepangwa. Yaya alitakiwa awape chai. Alipoinua birika mkono ulitetemeka, chai ikamwagika kwenye kitambaa. Mmoja wa wale wanawake akamwuliza jambo la kawaida tu, sijui habari ya shule, na yaya akamjibu kwa ukali maneno yasiyoeleweka. Mama alimshika bega akamtoa haraka, akamwingiza chumbani. Mimi na shangazi tukafuata. Mlango ukafungwa.

Uso wake ulikuwa mweupe wa majivu na jasho linadondoka kidevuni.

"Maman, sukari," akasema. "Minaomba sukari."

"Nyamaza. Wageni watasikia."

"Infirmier aliniambia. Nikitetemeka hivi, munipe sukari. Mbio."

Mama akamtazama. Niliona jinsi alivyomtazama. "Vile alikuambia ya muwa?"

"Hapana, maman. Hii iko kweli. Haki ya Mungu."

"Sukari njo ilitaka kukuua," mama akasema, na sauti yake ikavunjika. "Kwa mukono yangu. Sitakupa tena, mwanangu. Hata ukinichukia."

Yaya akajaribu kusimama aende sebuleni. Bakuli lilikuwa nyuma ya mlango ule, tulikuwa tunasikia vijiko vinakoroga kwenye vikombe. Mama akamshika mkono mmoja, shangazi akashika wa pili, wakamlaza kitandani. Alipigana. Aliwatukana matusi ambayo hakuwahi kuyasema maishani, akawaita wauaji, halafu akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Sikujua nimwamini nani. Nilijua tu kwamba mama anatetemeka sawasawa na yeye. Mwili wa yaya ukakaza, ukaruka mara kadhaa, kisha ukalegea. Akalala.

"Amelala," mama akasema. "Asante Mungu. Muache apumuzike."

Nimekuja kuelewa baadaye, kwa mwili wangu mwenyewe. Ile sindano haijui kama umekula. Inafungua milango yote, sukari iliyoko kwenye damu inaingia ndani na kuisha, na kichwa kinabaki bila kitu cha kuwashia taa. Kipande kimoja cha sukari kingetosha, viwili kwa hakika. Angekaa kitako baada ya muda mfupi, angejifuta jasho, angeona aibu kwa matusi yale, na tungemcheka.

Wageni walipoondoka papa aliingia kumwamsha. Hakuamka. Nilitumwa kumwita infirmier, nikakimbia na gauni langu jeupe, na yeye akaja nyuma yangu anatweta na mkoba wake. Aliinama juu ya kitanda. Alifungua jicho moja la yaya kwa kidole, akalifunga. Alishika mkono, akashika shingo, akakaa hivyo muda. Halafu akauliza bila kugeuka.

"Mulimupa sukari?"

Mama alisimama wima. Alikuwa amelisubiri swali hilo tangu siku ya benchi la dispensari.

"Hapana, infirmier," akasema. "Hata chembe. Aliomba, alilia, alitutukana. Tukamushika mikono. Sikumupa."

Infirmier alifungua mdomo. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama mlango uliokuwa wazi na lile bakuli mezani. Kisha akafunga mkoba wake, akaweka mkono kwenye bega la mama.

"Mulifanya vizuri, maman," akasema.

Mama aliishi na neno hilo miaka mingi sana. Lilimsimamisha. Hata shangazi hakuthubutu tena kumsema, maana infirmier mwenyewe alishuhudia. Katika uzee wake nilimchukua kwangu, na ugonjwa huu uliponipata mimi alikuwa bado hai, macho yake bado makali. Siku moja tumekaa uani anachagua maharagwe, akaona fundo kwenye kikwembe changu. Akalishika, akalibonyeza, akajua ni nini.

"Na wewe uko na ile ugonjwa," akasema polepole. "Hii sukari iko ya nini?"

"Ya batoto, maman," nikamwambia. "Nikikutana na batoto njiani, minabapatia."

Akatikisa kichwa, akaridhika, akarudi kwenye maharagwe yake.